Ini la Mke Mwenza

Gari lilipotoka Mtambile, Khatib alifumba macho kama aliyelala, lakini masikio aliyaacha kwa wanawake wawili wa kiti cha mbele, Bi Zuweina na Mize, waliojuana pale pale kituoni.

“Mume wangu anarudi leo kutoka India,” alisema Bi Zuweina. “Ini lake lilikwisha, kapandikizwa kipande cha ini la mke mwenzangu.”

“Mashaallah! Mwenzio ana imani.”

“Nilijitolea mimi kwanza, mwanangu! Daktari akasema ini langu lina mafuta, halifai. Miaka yote tunagawana zamu sawasawa. Sasa hata akilala kwangu, yule yumo ndani!”

Mize alicheka. “Bila yeye, Bi Zuweina, leo ungekuwa edani.”

“Najua. Hilo ndilo linaloniuma.”

Khatib, mwenye wake wawili, alijipapasa ubavu taratibu.

“Na leo zamu ya nani?” aliuliza Mize.

“Yangu. Lakini yule naye ana mshono, na bwana anataka wauguzwe nyumba moja.”

“Nyumba ipi?”

Gari likasimama uwanja wa ndege. Bi Zuweina alishuka, mkononi kashika chupa ya uji na kikombe kimoja tu.