Wasifu wa Mzee Hezroni Mrutu, Dereva wa Gari la Wagonjwa la Ndolwe

Ndugu waombolezaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Ernesta, binti yake wa kwanza, na ninasoma kwa niaba ya familia.

Baba yetu, Hezroni Anaeli Mrutu, alizaliwa Bombo tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa Mzee Anaeli na Mama Naetwe. Alibatizwa na kupata kipaimara hapahapa.

Alisoma shule ya msingi Bombo kuanzia 1969 hadi 1975. Mwaka 1982 alikwenda Moshi kujifunza udereva na ufundi wa magari. Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na mama yetu, Devotha, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1991 aliajiriwa na Zahanati ya Ndolwe kuendesha gari lake la dizeli, foo-wili inayovuta kwa magurudumu yote manne, iliyowashusha wagonjwa kutoka milimani hadi Same. Mwaka 2009 gari hilo lilianza kunywa mafuta kupita kiasi. Kwenye mlima lilikosa nguvu, na nyuma liliacha moshi mweusi. Baba aliieleza kamati ya zahanati kwamba gari ni bovu. Kamati ikadhani ananyonya dizeli na kuiuza, ikaanza kumpimia mafuta ya safari moja tu, kwa kiasi kilekile cha zamani.

Tarehe 6 Agosti mwaka huo alipewa kazi ya kumpeleka hospitali ya Same Koleta, mama mjamzito aliyekuwa akivuja damu, pamoja na mumewe Vitus. Baba alipoona mafuta aliyopimiwa alisema, "Haya hayafiki Same."

"Miaka yote yamekuwa yakifika," akajibiwa na mjumbe wa kamati.

Mgonjwa alikuwa amekwisha kulazwa nyuma. Baba akawasha gari.

Walipofika kijiji cha Maore waliulizia dizeli, lakini siku hiyo haikuwepo. Walipoingia nyikani gari likazimika. Koleta akauliza, "Baba, mbona tumesimama?"

"Tunaenda, mwanangu. Sasa hivi."

Alichukua dumu akakimbia kwa miguu mpaka alipopata bodaboda. Aliporudi alimimina dizeli, akatoa hewa kwenye mipira ya mafuta kwa pampu ya mkono, akapampu mpaka injini ikaitika. Vitus akatoa kichwa dirishani.

"Zima, kaka," alisema. "Hakuna haraka tena."

Baada ya msiba wa Koleta, fundi Hamidu wa Same alizifungua nozeli mbele ya kamati. Badala ya kupuliza dizeli kama ukungu, zilikuwa zinaidondosha, na nyingi ilitoka bila kuungua. Breki za nyuma nazo zilikuwa zinashika hata zisipokanyagwa, gari likawa linajivuta. Zilipotengenezwa, gari lilikwenda Same na kurudi kwa mafuta yaleyale ya zamani. Kamati ilimwomba baba radhi hadharani, kanisani. Alishukuru, akaketi. Sisi tulidhani yamekwisha.

Aliendelea kuendesha hadi alipostaafu mwaka 2019. Kila aliposimama aligusa magurudumu kwa kiganja kuona kama kuna breki inayoshika na kupata joto. Siku ya harusi yangu alifungua boneti ya gari la maharusi, wageni wakisubiri. Mama akamwambia, "Baba Ernesta, leo ni harusi!" Akajibu, "Ndiyo, lakini linatoa moshi mweusi." Watu walicheka sana. Yeye hakucheka.

Safari moja nilikuwa naye kiti cha mbele. Tulipovuka pale nyikani alitazama kioo cha ndani, akasema taratibu, "Tunaenda, mwanangu." Nyuma hapakuwa na mtu.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Vitus alikuja kumjulia hali, mara yao ya kwanza kukaa pamoja tangu msiba wa Koleta.

"Hezroni, nilikuwepo," alimwambia. "Nilisikia ukiwaambia kwamba hayafiki."

"Najua ulisikia," baba alijibu. "Lakini niliwasha gari."

Vitus alimshika mkono mpaka jioni, na tangu hapo hakuacha kuja.

Baba alifariki dunia nyumbani, Bombo, asubuhi ya Jumatatu tarehe 2 Juni 2025.

Ameacha mjane, Devotha, watoto, Ernesta, Tumainieli na Anold, wajukuu watano, na dada yake, Agatha. Familia inamshukuru pia Vitus, aliyeomba awe miongoni mwa watakaobeba jeneza.

Mungu mwenye rehema ampe baba yetu pumziko ambalo sisi, kwa upendo wetu wote, hatukuweza kumpa. Amina.