Bakuli Lililorudi Jikoni Limejaa

Nisikilizeni wanangu, na mlango uacheni wazi, maana mama yenu yuko jikoni na ninayotaka kusema nataka ayasikie na yeye. Nicholaus, niinue kidogo, ule mto niwekee mgongoni. Basi, hapo panatosha. Padri alikuja jana akanipaka mafuta, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, Mzee Raimundi, kwa Mungu umeshasema, lakini nyumbani kwako bado. Ndiyo sababu nimewaita wote, wewe Restituta uliyesafiri na wanao kutoka Songea, na wewe Lidia mkwe wangu, usikae kule pembeni kama mgeni, sogea.

Nianze na mali, maana hiyo ni nyepesi. Mibuni yote ya hapa Maguu, na ngolo, yale mashamba ya mashimo ya kule mteremkoni, na nyumba hii, ni vya mama yenu mpaka siku atakapofumba macho. Mimi nilifyeka majani tu, mashimo ya zile ngolo aliyachimba yeye, msimu kwa msimu, akiwa na mimba zenu. Nicholaus, utasimamia, hutamiliki, na asitokee mtu kusema ukoo umekaa ukaamua vingine. Na ule mpaka niliougombania na jirani Bernadi miaka yote, mwacheni alipofika. Sina hakika tena kama haki ilikuwa yangu.

Sasa hili lingine, ambalo naona aibu hata kulianza.

Mnakumbuka mwaka ule mama yenu alipoota uvimbe kwenye titi, akauficha chini ya kitenge mpaka kahawa yote ikavunwa, na ulipopasuka ukawa na harufu. Ninyi wajukuu mliokulia mjini, sengu hamuijui vizuri: ni pale ukoo unapokula pamoja kwa mkubwa, kila jiko linaleta chakula chake, na hakuna mkono unaoingia kwenye bakuli kabla mkubwa hajamega. Mkubwa ni mimi. Jioni ile mama yenu alileta ugali na maharage, akaweka mbele yangu kama siku zote, nami nilipoinama ile harufu ikanijia, au nilidhani tu imenijia, nikalisukuma bakuli lake pembeni, nikavuta la Lidia, lenye usipa, vile visamaki vya ziwani kwao Mbaha, nikamega hapo. Nilipomega mimi nanyi mkamega. Mama yenu akaja akaliinua bakuli lake, akalirudisha jikoni limejaa.

Wiki ile nikampeleka hospitali, na hapa ndipo penye jambo msilolijua. Yeye akiwa ndani anapimwa, nilimfuata muuguzi, nikamuuliza kwa sauti ya chini kama ugonjwa huu unaambukiza kwenye chakula. Yule binti akanitazama, akasema, babu, saratani haiambukizi, kula naye, lala naye, tena msimwache ale peke yake maana atashindwa kula. Nikamshukuru. Kisha nikarudi hapa, nikawakusanya, nikawaambia wataalamu wamekataza mtu yeyote asile kilichopikwa na mama yenu.

Nilisema uongo, wanangu. Nilishamsukumia bakuli mbele ya ukoo mzima, na kusema kweli kungekuwa kukiri kwamba nilimwonea kinyaa mke wangu. Nikaona afadhali kinyaa changu kiitwe amri ya hospitali.

Restituta, wewe ndiye uliyempeleka Dar es Salaam. Wewe ndiye uliyelala sakafuni chini ya kitanda chake alipokatwa titi, ukamshika kichwa akitapika zile dawa za dripu, ukamfunga kilemba nywele zilipoisha, ukamngoja nje ya chumba cha mionzi. Ulikuwa unanipigia simu niongee naye, nami nasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri.

Mungu akamponya. Kila mwaka anarudi kupimwa na kila mwaka wanamwambia yuko salama. Tukatoa misa ya shukrani, nikasimama mbele ya Wakristo wote nikasema nilivyomuuguza, na watu wakanipigia makofi. Nilipokea makofi yale. Jioni yake mama yenu akapika katika kisufuria chake kidogo, akala peke yake, na hivyo ndivyo alivyokula miaka sita, mzima kabisa, katika nyumba yake mwenyewe. Glorious, mjukuu wangu, ulikuwa mdogo, hukumbuki. Bibi yako alikupa kiazi cha kuchoma, nami nikakichomoa mdomoni mwako huku anatazama.

Na Lidia. Mama yenu hakunidhania mimi hata siku moja. Aliona bakuli lako ndilo lililochukua nafasi ya lake, akasema huyu mwanamke wa ziwani amewafundisha wanangu kunichukia. Aliniambia mimi, kitandani, nami nikageukia ukutani. Umemwamkia shikamoo miaka yote hiyo, anaitikia akitazama kwingine, umelia kwa mumeo, nimekusikia ukilia, na kesho yake nikala usipa wako nikanyamaza. Ulibeba kosa langu, mwanangu. Nisamehe kama utaweza.

Tangu miguu hii ivimbe, anayenisafisha ni yeye. Mimi nanuka, wanangu, nasikia mwenyewe. Hajageuza uso hata mara moja.

Nipe maji. Kidogo tu.

Mama Nicho, nakuona hapo mlangoni na mwiko mkononi. Umesikia yote. Sikulazimishi useme neno, na usiposema mpaka nizikwe, ni haki yako. Naomba tu ukilete ulichopika. Ni kidogo? Cha mtu mmoja? Kilete hivyo hivyo kilivyo. Restituta, mpokee.

Nanyi sikieni, sauti inaniishia. Kwenye matanga yangu, mwenye kuamuru vyungu ni mama yenu. Atapika, au atamchagua wa kupika. Atakayekataa chakula chake aondoke msibani. Na haya niliyosema msiyafiche, mwambieni hata Bernadi, waambieni wale walionipigia makofi.

Weka hapa. Ni ugali na maharage. Sengu ya leo iwe hapa kitandani, na mkubwa ndiye anayeanza. Nimegee, Nicholaus, mkono hauinuki. Niwekee mdomoni.

Hapana. Tonge halishuki. Litoe, mwanangu, nifute. Koo limefunga. Miaka sita koo lilikuwa zima na chakula kilikuwepo.

Lidia, anza wewe. Najua mwanamke haanzi. Nasema mimi, anza. Kaa hapo karibu na mama mkwe wako. Karibu zaidi. Mama Nicho, msogelee.

Mungu awalinde. Awape afya... watoto wenu wasione haya kwa ajili yenu, kama mimi... Walburga, mama wa watoto wangu, ubaki na amani. Wote, mikono yenu. Wewe Glorious pia. Kuleni... kuleni, niwaone.