Hajati Mwanawetu na Programu Iliyosahau Ramadhani

Ijumaa ya tarehe 26 Juni 2026, Hajati Mwanawetu Abubakar, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu na Ubashiri wa Kampuni ya Ziwa Shehena, anastaafu baada ya miaka thelathini ya utumishi. Anayeandika wasifu huu ni Laker wa Idara ya Hati. Meza yangu imetazamana na yake tangu nilipoajiriwa, kwa hiyo najua mengi kuliko ambayo angependa yachapishwe. Mkurugenzi wetu, Bwana Dawudi, amenipa ruhusa ya kuyachapisha, hata yale yanayomhusu yeye.

Kwa wageni wa hafla wasioijua kazi yetu: tunapokea mizigo inayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam, tunaileta Kampala kwa barabara, reli au ziwa, kisha tunaipeleka mbele hadi Kongo. Uganda haina bahari, lakini bahari inatuamrisha kila siku. Meli ikichelewa huko, simu za hapa Luzira hazinyamazi. Kazi ya Hajati imekuwa kusema mapema mzigo utafika lini, na serikali zinapobadilisha kanuni za biashara, kusema mapema nani ataumia.

Hajati ni mzaliwa wa mtaa wa Kibuli hapa Kampala, katika familia ya wenye maduka ambao wazee wao walitoka pwani na Kiswahili chao kikiwa safi kama kanzu ya Idi. Hapa ofisini alikikuta Kiswahili chetu cha Kampala, ambacho kila kitu ndani yake ni “hii” au “ile”. Kwa miaka thelathini hajamsahihisha mtu hadharani. Hukohoa tu, na aliyekuwa anazungumza huanza kujikagua mwenyewe.

Aliajiriwa mwaka 1996 kama karani wa faksi. Alitakiwa kupokea taarifa za meli na kuzitia kwenye faili. Alizitia, lakini kabla ya hapo alizichora. Nyuma ya kalenda zilizopitwa na mwaka alichora mistari ya rangi: meli ilitia nanga lini, kontena likatoka bandarini lini, likavuka mpaka wa Malaba lini. Alizibandika jikoni, juu ya birika. Mzee mwanzilishi wa kampuni, baba yake Bwana Dawudi, alizitazama kwa makini, kisha akamsifu kwa ufundi wake wa kutarizi. Hajati alishukuru na kuendelea kuchora. Haukupita muda, mzee akawa anaingia jikoni mara nyingi kuliko kiu ya chai inavyoweza kueleza.

Alipokaribia miaka arobaini, ofisi ilikuwa imejaa kompyuta na sisi tulizitumia zaidi kuchezea karata. Yeye alijiandikisha kusoma takwimu, masomo ya jioni, chuo kikuu. Darasani alikaa na vijana wa rika la binti yake Farhana. Walimwita mama hadi majibu ya mtihani wa kwanza yalipotoka, kisha wakaanza kugombea nani atakuwa kundi moja naye. Alirudi na shahada, na pia na programu aliyoiandika mwenyewe, yenye uwezo wa kusoma rekodi zetu zote za nyuma na kutoa tarehe ya mzigo kufika. Bwana Dawudi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika usukani wa kampuni, aliipenda mno. Alinunua skrini kubwa, akaitundika mapokezini, na kila mgeni alioneshwa rangi zake kabla ya kuoneshwa kiti.

Hajati ndiye pia aliyetuletea desturi ya Jumatatu. Kila mfanyakazi, kuanzia mlinzi hadi mhasibu, huandika ubaoni kontena gani litafika siku gani wiki hiyo. Anayekosea kuliko wote huleta kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, za kutosha ofisi nzima. Wapo waliodai kwamba Hajati hukosea makusudi akihisi wenzake wana njaa. Sina ushahidi, ila nakumbuka Januari moja ambayo alikosea sana, na ilikuwa Januari ngumu kwa kila mtu.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho yeye mwenyewe alisema tusikiache, kwa sababu kukiacha itakuwa kumsifu uongo.

Miaka kumi iliyopita ilitangazwa kanuni mpya. Kuanzia tarehe mosi Julai, kontena linalopita Uganda kwenda Kongo lilipaswa kuwa la mwenye mali mmoja. Makontena ya kuchangia hayangeruhusiwa tena kufunguliwa na kugawanywa Kampala, yangerudishwa yalikotoka. Kwa matajiri hilo lilikuwa jambo dogo. Kwa kina mama wa Kongo waishio mtaa wa Nsambya hapa Kampala, walioukimbia mji wao wa Bukavu na kuanza upya na vitenge viwili vitatu begani, kontena la kuchangia ndilo lililokuwa biashara yenyewe. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kujaza kontena peke yake.

Kiongozi wao, Mama Benedicte, alikuja ofisini mwezi Machi na swali moja. Je, wakiagiza kontena la mwisho la pamoja kutoka China, litafika na kugawanywa kabla ya Julai? Hajati aliiuliza programu. Programu ilisema Juni ni mwezi mtulivu bandarini, na mzigo ungekuwa Luzira Juni haijafika katikati. Hajati akawaambia waagize. Wakaweka kila walichokuwa nacho. Mmoja wao, Monique, aliuza hata cherehani aliyokuwa akiitegemea.

Katikati ya Mei, meli ikiwa tayari baharini, Hajati alikwenda sokoni na Farhana kununua tende. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unaingia mwanzoni mwa Juni, na yeye hupenda kujiandaa mapema. Farhana anasimulia kwamba mama yake aliinua pakiti ya tende, akaitazama, akairudisha mezani, kisha akakaa juu ya gunia la mwenye duka bila kuomba ruhusa.

Alikuwa ameona kosa. Programu yake ilijua Januari hadi Desemba. Haikuijua Ramadhani, ambayo kila mwaka hutangulia siku kama kumi na moja na kuzunguka miezi yote. Kila Ramadhani inapokaribia, meli za sukari, mchele na tende hufika kwa wingi na foleni bandarini hurefuka. Mwezi ukiingia, kazi hupungua kasi kwa kuwa watu wamefunga. Katika miaka ya nyuma msongamano huo uliangukia Septemba, kisha Agosti, kisha Julai, na programu ikaamini ni tabia ya miezi hiyo. Mwaka ule msongamano ulikuwa unakuja Juni. Mwanamke aliyefunga tangu utotoni, mjukuu wa mwalimu wa madrasa, alikuwa ameifundisha mashine kalenda isiyo na Ramadhani. Leo tunacheka, na yeye hucheka kuliko sisi. Siku ile hakucheka.

Jumatatu aliingia kwa Bwana Dawudi kabla hajavua hata mtandio wa safari. Inafaa kusema hapa kwamba Bwana Dawudi, baada ya ubashiri kadhaa kwenda kombo mwaka huo, alikuwa ametangaza mbele yetu sote kwamba kosa moja kubwa tena, na kitengo kinafungwa. Skrini ya mapokezini ingebaki kuonesha mpira. Alimshauri Hajati asubiri. Huenda meli ikabahatika, na lawama zote zingeweza kupelekwa bandarini, ambako huwa zinapokelewa bila risiti. Hajati alimsikiliza hadi mwisho, akaomba gari, na akaenda Nsambya.

Mimi nilikwenda naye kwa sababu hati za kontena zilikuwa kwangu. Kina mama walikuwa wamekaa nyuma ya duka la Mama Benedicte, wakimenya ndizi. Wengi walidhani tumeleta habari njema. Hajati hakukaa. Aliwaeleza alichokosea, jinsi alivyokosea, na kwamba kwa njia ya Mombasa mzigo wao karibu hakika ungechelewa. Hakutaja bandari kwa ubaya wala hakuitaja mashine kama mtu mwingine. Monique aliinuka, akatoka nje, na tukamsikia akilia upande wa pili wa ukuta. Hakuna aliyemfuata kwa muda, hata mimi, na hadi leo sauti ile naisikia.

Kisha Hajati akasema jambo la pili. Meli ile ingepita Dar es Salaam kabla ya kufika Mombasa. Kontena lingeweza kushushwa huko, lipande treni hadi Mwanza, na kutoka Mwanza livuke ziwa hadi Port Bell, bandari yetu ya hapa Luzira, njia ambayo wakati ule wachache waliitumia na kwa hiyo haikuwa na foleni. Katika safari kumi za namna hiyo, alisema, sita zingewahi na nne zingechelewa. Hakuongeza hata chembe ya matumaini juu ya hesabu hiyo, ingawa niliona midomo yake ikitamani.

Mama Benedicte aliweka kisu chini. “Watu wanatuambiaka kisha mali imekwisha potea,” alisema. “Wewe umekuja mbele. Tupitie mu ziwa.”

Wiki zilizofuata Hajati alifunga Ramadhani huku akifuatilia kontena moja kwa simu, kutoka bandarini hadi behewani hadi gatini Mwanza. Wenzetu wa Mwanza wanasema waliifahamu sauti yake kuliko ya wake zao. Kontena lilishuka Port Bell Juni ikielekea ukingoni, na likagawanywa siku hiyo hiyo, kina mama wakiimba kwa lugha tatu. Mawimbi ya ziwa yalikuwa yameingia upande mmoja wa kontena, na viatu alivyoagiza Monique vikalowa. Tulivianika juu ya paa la ofisi, mamia ya viatu vya watoto vikitazama ziwa, na mkaguzi wa forodha aliyepita alituuliza kama tumefungua shule. Vilikauka. Vikauzwa Bukavu.

Kitengo hakikufungwa. Bwana Dawudi anasema hakuwahi kukusudia kukifunga, nasi tunampa heshima ya kumwamini. Hajati aliitia programu kalenda ya Kiislamu, kisha sikukuu za Kongo, siku za Bajeti za nchi zote jirani, na majira ya uchaguzi. Jambo alilolipigania zaidi ni dogo kwa macho. Kila ubashiri unaotoka kwetu una mstari chini yake unaoeleza ni mara ngapi ubashiri wa namna hiyo umekosea. Wauzaji wetu walilalamika kwamba hakuna mfanyabiashara anayejitangazia makosa. Wateja walisoma mstari ule, wakabaki, na wakaleta ndugu zao.

Tangu hapo kanuni zimebadilika zaidi ya tunavyoweza kukumbuka. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakiri za kielektroniki zimefungwa kwenye makontena, kodi zimepanda, zikashuka, zikapewa majina mapya. Kila mara Hajati alituambia mapema ni upande gani upepo wa sera unaelekea, na pale ambapo hakujua, alisema hajui. Wachambuzi aliowafundisha wako leo Nairobi, Kigali na Dar es Salaam, na wote, nasikia, hukohoa mtu akisema “hii kontena”.

Mwezi uliopita imetangazwa kanuni nyingine, ya kuanza Julai hii: hati za mzigo wa Kongo zifike forodhani kabla meli haijatia nanga. Mama Benedicte alipiga simu. Hakuuliza kuhusu hati. Aliuliza nani atawaambia ukweli Hajati akiondoka.

Anayerithi kiti chake ni Odur, kijana hodari, mwenye shahada mbili na ubashiri mzuri kuliko wetu wote. Pasaka mwaka huu alikosea. Aliwaahidi kina mama hao mzigo kabla ya sikukuu, ukakwama njiani kwa mgomo wa madereva uliokuwa umetangazwa wiki nzima kabla. Aliwaandikia kwamba kumekuwa na mabadiliko ya mazingira. Baada ya simu ile, Hajati alimpeleka Nsambya. Nilikwenda pia, mwandishi hakosi udhuru. Mbele ya duka Hajati alimwambia aingie peke yake. Odur aliingia, akakunja na kukunjua mikono, kisha akasema, “Nilikosea mimi. Mgomo ulitangazwa, sikuuhesabu.”

Monique, ambaye sasa ana duka lake la viatu, alivuta kiti na kumwonesha Odur akae. Walianza kumuuliza kuhusu hati za Julai, wote kwa pamoja. Tulipogeuka kumwita Hajati aje aage, hakuwepo mlangoni. Alikuwa amekwisha panda boda boda kuelekea Kibuli, akituachia kazi.

Hajati Mwanawetu, asante kwa miaka yote, na asante zaidi kwa asubuhi ile ya Mei uliyoomba gari. Wewe, Farhana na wajukuu, Mungu awape afya, nyumba yenye vicheko, na siku nyingi zisizo na simu kutoka bandarini. Nenda kwa amani. Odur ameketi.

Laker, Idara ya Hati, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Ziwa Shehena