Stoo Nne za Mama Kaur

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Naitwa Wafula, fundi wa kujenga, na leo kunyamaza kumenishinda.

Miaka mingi nilijengea watu nyumba kule Kitale, huku mimi na mke wangu Nasimiyu na watoto watatu tukibanana katika chumba kimoja cha kupanga. Tukajinyima, tukanunua ploti ndogo. Ndugu zangu, ile ploti ilikuwa na mwenyewe! Nilikuwa nimeshachimba msingi alipokuja na hati mkononi. Dalali aliyeniuzia alikuwa amehama. Nililia mbele ya wanangu. Kanisa nikaacha. Nasimiyu akianza kuomba, mimi natoka nje.

Tukarudi kwetu Bungoma. Siku moja Mama Kaur, mjane mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, aliniita nizibe bati linalovuja. Nyuma ya duka nikaona stoo nne kuukuu, zimejaa popo na takataka. Kitu kikanisukuma.

"Mama, pesa sina," nikamwambia. "Nipe hizi stoo na vifaa vya dukani, nizitengeneze ziwe vyumba, kodi tugawane."

Akaniangalia sana. "Na ukinitoroka katikati ya kazi?"

"Mimi mwenyewe nimetorokwa, Mama. Najua vile inauma."

"Basi anza kesho. Lakini tuandikiane."

Jioni hiyo nikamwambia Nasimiyu, "Leo tuombe pamoja." Akaangusha mwiko! Tulipiga magoti hapo hapo jikoni, ugali ukaungua, na hakuna aliyejali. Haleluya! Ule uchungu ulinitoka kabisa.

Vyumba vikajaa walimu na wauguzi. Sehemu yangu nikaweka kidogo kidogo, mpaka tukapata ploti Bumula. Safari hii nilianza kwa ofisi ya ardhi kuhakikisha jina la mwenyewe, kisha nikauliza majirani wote. Leo tuna vyumba viwili vya kupangisha, na hapo kando nyumba yetu. Si ghorofa, jameni! Lakini Nasimiyu amepanda maua mlangoni, na hakuna wa kutuambia tuhame.

Namshukuru Mungu! Na wewe uliyetapeliwa, unayeona umechelewa, mwamini Yeye na uanze na hicho kidogo ulicho nacho. Ibada ikiisha nitafute hapo nje. Kesho asubuhi tutaenda ofisi ya ardhi pamoja, na njiani nitakuombea. Si mnasema amina?