Bi Mkasi na Treni ya Marehemu

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, mhariri wetu wa katuni anastaafu baada ya kukitumikia kituo hiki cha televisheni kwa miaka thelathini na mmoja. Kwenye hati ya mshahara ana jina lake kamili, lakini sisi tunamwita Bi Mkasi, na mwenyewe huitika.

Alianza kama mpiga chapa, akahamishiwa chumba cha uhariri kwa sababu alikuwa na macho makali na hakulalamikia giza la mle ndani. Kazi yake ilikuwa kuzitengeneza katuni za Kijapani ziwafae watoto wetu. Zilivyotoka kule, watu ndani yake hulewa, huvuta sigara na hukatana mapanga mchana kweupe. Kwetu zilirushwa jioni, watoto wakiwa bado na sare za shule. Basi pombe ikawa maji ya matunda, na damu ikakatwa. Kulikuwa na jambazi mmoja ambaye sigara yake haikukatika bila kumkata kichwa na yeye. Bi Mkasi aliipaka rangi, picha baada ya picha, mpaka ikawa penseli. Watoto wakaamini yule mtu ni seremala, wakawa wanapiga simu kuuliza atajenga lini.

Kifo ndicho kilichopigwa marufuku kuliko vyote. Akifa mtu kwenye katuni, Bi Mkasi aliondoa kifo na mazishi, akapachika kipande cha treni ikiondoka, na sauti ikasema fulani amesafiri. Kipande kilikuwa hichohicho kwa wote. Hata nahodha wa meli aliondoka kwa treni. Tulikiita treni ya marehemu, na tulikicheka sana. Hatukujua tunajichimbia shimo.

Ikaja katuni ya msichana na baba yake, rubani. Katikati ya hadithi rubani alianguka na ndege yake, nasi tukampandisha treni kama kawaida. Watoto nchi nzima wakawa wanamngoja. Wakiuliza atarudi lini, tulijibu karibu tu.

Mwaka huohuo Bi Mkasi alimzika mwanawe wa pekee. Alibaki na mjukuu wa kike, mtoto wa darasa la kwanza. Nyumbani walimwona mdogo mno, wakamwambia baba amesafiri, na neno hilo alilileta Bi Mkasi mwenyewe. Kila jioni mjukuu alikuja kituoni akitoka shule, akakaa mapokezi mbele ya televisheni kumsubiri bibi yake. Siku moja alimuuliza mlinzi ile treni ya akina baba hupita wapi. Mlinzi, mtu mzima na ndevu zake, alitoka nje akasimama huko.

Sehemu ya mwisho ya katuni ilitufikia siku yenyewe ya kurushwa. Tuliitazama yote. Mwanzo hadi mwisho, msichana ameketi kando ya kaburi la baba yake, anazungumza naye. Ukilikata kaburi, hutabaki na kitu. Mkurugenzi wa vipindi wa wakati ule, ambaye ameniruhusu kusimulia haya, aliamua palepale kwamba kaburi liitwe sanamu ya bustani, na msichana awe anajifunza salamu za kumpa baba akirudi.

"Mama, iwe hivyo, au uende nyumbani moja kwa moja," alimwambia mbele yetu sote.

"Nimesikia, bosi," akajibu Bi Mkasi. Hakusema "nitafanya."

Sasa, kila mfanyakazi hapa anaijua sheria ya chumba cha sauti: taa nyekundu ikiwaka haingii mtu, awe nani. Bi Mkasi aliingia na mwigizaji wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kitoto ambayo haijapata mwenzake, nami nikakaa kwenye mitambo. Taa ikawaka. Bi Mkasi alichukua karatasi ya mkurugenzi, akaigeuza, akaandika upya nyuma yake. Mwigizaji alisoma mstari wa kwanza, akanitazama. Nje ya kioo mkurugenzi alikuwa ameshaelewa. Nilimwona anagonga kioo kwa pete, midomo inakwenda bila sauti. Nami nina watoto wanaokula kwa mshahara huu. Lakini taa ilikuwa inawaka, nikaendelea kurekodi, na Bi Mkasi hakuizima mpaka muda wa kurusha ulipofika na hapakuwa na kanda nyingine ya kuweka hewani.

Alitoka, akampita mkurugenzi, akaenda mapokezi kukaa na mjukuu wake. Kwenye televisheni msichana wa katuni alikuwa anasema, "Baba, waliniambia umesafiri. Kumbe umekufa. Nimekuja kukusalimia."

Mjukuu akauliza, "Bibi, na baba yangu?"

"Naye amekufa, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyekuficha."

Mtoto alilia, na Bi Mkasi akalia naye kilio ambacho hata msibani hatukukisikia. Simu zikaanza kuita. Wazazi wengine walitutukana, na sikuwalaumu. Wengine walishukuru. Bi Mkasi alisimamishwa kazi miezi miwili. Aliporudi alikuta kanuni ya vifo imelegezwa kimyakimya, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukitupa kile kipande cha treni. Wahariri wote mnaowaona leo wamefunzwa na yeye, na wanajua cha kukata na cha kuacha.

Wenzangu walitaka nimalizie kwa kusema kwamba Bi Mkasi anaanza safari mpya. Nimekataa, na yule mjukuu, ambaye sasa ni mwalimu na leo ameketi mstari wa mbele, anajua kwa nini. Bi Mkasi hasafiri. Anastaafu. Jumatatu kiti chake kitakuwa kitupu, na tutaumia. Asante, dada yetu. Afya njema, usingizi mzuri, na nyumba yako isikose vicheko.