Kiti cha Nne cha Bi Wynelle

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunga nyimbo katika nyumba yetu ya watunzi, Cedar Lane, hapa Nashville, Bi Wynelle Stubblefield anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Mimi, Dewey Ledbetter, mpiga gitaa wa chumba cha pili, nimepewa kazi ya kumwandikia wasifu, na nakiri naandika roho ikiwa juu juu. Sababu nitaieleza.

Kabla ya kutunga, aliimba muziki wa kantri miaka kumi na miwili. Mwaka 1993, kwenye maonyesho ya wakulima kule Cookeville, mbele ya watu elfu tatu na mama yake mzazi, alisahau ubeti wa pili wa wimbo alioutunga mwenyewe. Bendi ilirudia mapigo yale yale mara nne ikimsubiri. Akalaza gitaa chini, akashuka jukwaani. Tangu siku hiyo hajaimba mbele ya watu.

Alipohamia kwetu, kila saa nne asubuhi alijifungia na mtunzi mwenzake, magitaa mawili na birika la kahawa, na kufikia chakula cha mchana wimbo ulikuwa tayari. Nyimbo zake arobaini na moja zimerekodiwa. Ule wa shemeji aliyetoroka na trekta, msanii mmoja mkubwa aliushikilia miezi tisa bila kuamua kama ataurekodi. Kwa wasiwasi, Bi Wynelle alimaliza biskuti zote za siagi za ofisini, kisha akanigeukia: "Dewey, mwanangu, panya wa humu wanapenda siagi, ee?"

Hakuna mwimbaji aliyetoka kwetu bila karatasi yake. Bi Wynelle humwandikia neno la kwanza la kila mstari na kuibandika ubavuni mwa gitaa, asikoona mtazamaji. Mmoja alijifanya mjuaji: "Nimeshakariri, Bi Wynelle!" Akajibiwa, "Hata mimi nilikariri. Lete gitaa."

Sasa, Ijumaa baada ya chakula, tutamuaga kama tunavyoagana siku zote: watunzi wanne kwenye duara, kila mmoja na wimbo wake. Wimbo wa mwenzako huuimbi. Mtu asipouimba wake, zamu yake inapita kimya. Kiti cha nne ni chake. Jumatatu nilimuuliza, akasema, "Tutaona." Jumanne, "Niache, Dewey." Jana aliuliza tu ni kiti gani kilicho karibu na mlango. Usiku wa kuamkia leo sikulala vizuri.

Bi Wynelle, asante kwa nyimbo, na kwa kututetea tulipokosea. Gitaa lako liko kwenye kiti cha nne. Karatasi nimeibandika mwenyewe, ya wimbo wa Cookeville, kwa herufi kubwa maana miwani huwa unaisahau. Na kama karatasi haitatosha, mila tutaivunja: ubeti wa pili tumeukariri sote, hadi dada wa mapokezi.

Ukastaafu vyema, na afya tele, mama yetu. Ila kwanza, keti.