Azéma Deshotel wa Duka la Fuselier

Marehemu Azéma Fuselier Deshotel alizaliwa tarehe 11 Februari 1941, hapa hapa karibu na Church Point, Louisiana, katika chumba cha nyuma cha duka lililofunguliwa na babu yake mwaka 1922. Uchungu ulimshika mama yake, Eulalie, akiwa anapima kahawa, naye akamaliza kwanza kumfungia mteja kahawa yake. Azéma alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni Ulysse, anayewasomea haya, na uzuri wote wa sura katika familia ulimngoja yeye.

Alianza shule mwaka 1947 bila kujua neno la Kiingereza. Siku ya kwanza aliomba kwa Kifaransa ruhusa ya kwenda chooni, na kwa kuwa Kifaransa kilikatazwa shuleni, mwalimu akampigisha magoti juu ya punje za mahindi. Alisoma hadi darasa la nane, kisha baba yake, mzee Onésiphore, akamhitaji dukani. Huko akaweka sheria yake: anayeagiza kwa Kifaransa anahudumiwa kwanza. Siku mwalimu yule alipokuja kununua sukari, alisimama hadi foleni ikaisha.

Clovis Deshotel, mkulima wa mpunga, alikuja dukani kila siku kwa mwezi mzima kununua msumari mmoja.

"Kijana, unajenga nyumba ya panzi?" mzee akamuuliza.

"Hapana, mzee. Nilichofuata naogopa kukisema."

"Basi mwambie mwenyewe yule pale, misumari inaniishia!"

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Juni 1963, wakajaliwa mtoto mmoja, Noélie. Clovis alitangulia mwaka 2008.

Mzee alipofariki mwaka 1969, Azéma alishika duka. Aliuza vitambaa, kamba, mchele, na kila Jumamosi asubuhi boudin, yaani utumbo wa nguruwe uliojazwa wali, nyama na maini. Noélie aliruhusiwa kusaga nyama na kujaza utumbo. Kutia chumvi na pilipili ilikuwa kazi ya mama peke yake, kama ilivyokuwa ya mzee kabla yake.

"Mama, nifundishe basi."

"Nikifa."

"Ukifa utanifundishaje?"

"Usinijibu. Saga nyama."

Mwaka 2021 ugonjwa wa kutetemeka ulianza kwa kumnyang'anya harufu na ladha. Hakumwambia mtu. Boudin ikawa chumvi tupu, na sisi wote, kwa kumpenda, tukanyamaza. Tulinunua, tukashukuru, tukaenda kuwapa mbwa. Wateja wa mbali hawakuwa na mapenzi hayo; walikuja mara moja, hawakurudi. Duka la miaka tisini na tisa lilikuwa linakufa kwa adabu zetu.

Jumapili moja baada ya misa alipita kwa Ulysse, akakuta mbwa ameiacha boudin chini, yuko kwenye ndoo anakunywa maji.

"Ulysse, ile ni yangu?"

"Dada, huyu mbwa hakulelewa vizuri..."

"Nimekuuliza."

"Ina chumvi, Dada. Tangu Pasaka."

"Na wewe, mdomo wako mpana kama lango la zizi, leo ndiyo unaufungua?"

Alikaa kwenye ngazi, akalia kidogo. Kisha akafuta uso. "Mwambie Noélie Jumamosi asisage nyama tu. Atatia chumvi."

Jumamosi hiyo aliuweka mkono wake unaotetemeka juu ya mkono wa binti yake, ndani ya sufuria. "Ongeza. Tena. Basi, acha!" Na kwa kuwa hakuweza kuonja, alienda kukaa mbele ya wazee wa benchi la dukani, akawatazama midomo wakitafuna. Ulysse akaanza kusifu.

"Nyamaza, tafuna!"

Wakatafuna kimya. Kisha mmoja akanyoosha sahani kuomba tena, wakafuata wote, Ulysse akiwa wa mbele.

"Imekubali," Azéma akasema. Akavua aproni yake, akamfunga Noélie kiunoni. Tangu siku hiyo alionja hivyo kila Jumamosi, kwa kutazama nyuso za watu, na miaka hiyo ndiyo tuliyomwona akicheka kuliko yote.

Alifariki kitandani kwake alfajiri ya Alhamisi, tarehe 7 Machi 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa binti yake. Ameacha binti mmoja, Noélie, wajukuu watatu, na mdogo wake Ulysse, ambaye bado anatafuta mke. Familia inawashukuru Padri, wauguzi waliomwosha na kumlisha, na kila aliyepiga foleni katika duka lile kwa miaka hamsini na mitano.

Mungu amkaribishe Azéma, amvue uchovu. Duka limefungwa kwa ajili ya maziko tu. Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, Noélie anafungua. Njooni. Na chumvi ikizidi, jamani, safari hii semeni.